Kabla ya Kuandika Milimita, Tuulize Umbali

Ripoti ya eksirei inayosema "tundu la milimita 36 katika pafu la kulia" husomeka kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Tarakimu ina heshima yake. Daktari wa wodi huinakili katika faili, mgonjwa huikariri afikapo nyumbani, na miezi miwili baadaye daktari mwingine huilinganisha na tarakimu mpya ili aamue kama dawa zinafanya kazi. Ni wachache mno wanaouliza swali ambalo fundi cherehani yeyote angeliuliza kabla ya kukata kitambaa: kipimo hiki kimechukuliwa kwa futi gani, na kilichukuliwa wapi?

Swali hilo limepata uzito mpya kwa sababu eksirei imetoka chumbani. Kwa miaka mingi mashine ilifungwa sakafuni, kipokezi kikatundikwa ukutani, na umbali kati ya hivyo viwili haukubadilika asubuhi wala jioni. Leo tunazo mashine za kidijitali zenye magurudumu, zinazosukumwa hadi kitandani mwa mgonjwa mahututi, na nyingine zenye uzito usiofika kilo nne, zinazoingia ndani ya begi na kufanya kazi kwa betri. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2021 kwamba programu za kompyuta zitumike kusoma picha za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, mashine hizi zimezidi kupelekwa kwa watu ambao zamani wangetembea siku nzima kuifuata eksirei. Mimi ni mtetezi wao. Ila ninadai kwamba mashine inayohamahama haina haki ya kutoa milimita bila kutaja ilisimama wapi, na kwamba sisi tunaoandika ripoti hatuna haki ya kuzipokea milimita hizo bila kuuliza.

Picha ya eksirei ni kivuli. Aliyekulia katika nyumba ya kibatari anaijua kanuni yake bila kufundishwa: mkono ukiwa karibu na ukuta kivuli chake hulingana na mkono, na ukiusogeza kuelekea taa kivuli hukua hadi kikafunika ukuta mzima, ilhali mkono ni uleule. Mionzi hutoka katika nukta ndogo ndani ya bomba na kutawanyika kama miale ya kibatari. Kiungo kilicho karibu na kipokezi huonekana kwa ukubwa unaokaribia wa kweli; kilicho mbali nacho hukuzwa. Kiasi cha ukuzaji hupatikana kwa kugawanya umbali wa kutoka chanzo hadi kipokezi kwa umbali wa kutoka chanzo hadi kwenye kiungo chenyewe. Hakuna hesabu nyingine iliyofichika humo. Ni mgawanyo wa darasa la sita. Tatizo ni kwamba namba hizo mbili mara nyingi hazikuandikwa popote.

Tuchukue moyo, kwa kuwa ndio unaosingiziwa zaidi. Tuseme mtu ana kifua chenye unene wa sentimita 20, moyo wenye upana wa sentimita 14 ulio sentimita 15 kutoka mgongoni, na kifua ambacho kwa ndani, katikati ya unene huo, kina upana wa sentimita 28. Amelala chali, kipokezi kimewekwa chini ya mgongo wake, na bomba liko sentimita 100 juu ya kipokezi, kama ilivyo kawaida ya picha za kitandani. Moyo wake utaonekana una sentimita 16.5 na kifua sentimita 31.1, na uwiano wa moyo kwa kifua utakuwa 0.53. Mtu huyohuyo akisimama, akakikumbatia kipokezi kwa kifua chake huku mionzi ikitokea nyuma yake kwa umbali wa sentimita 180, moyo utaonekana una sentimita 14.4, kifua 29.6, na uwiano utakuwa 0.49. Uwiano wa kwanza humpa ugonjwa, wa pili humwondolea, na moyo haukubadilika hata kwa unene wa unywele.

Mpaka wa 0.5 tunaoutumia ulianza kuenezwa na daktari aitwaye Danzer mwaka 1919, na umedumu kwa sababu ni mwepisi kukumbuka. Lakini ni mpaka wa picha ya mtu mzima aliyesimama, akavuta pumzi, na kupigwa kutoka nyuma. Mgonjwa aliyelala chali ana kiwambo kilichopanda, pumzi yake ni fupi, na moyo wake umelala ubavu zaidi kuliko anaposimama. Hayo pia huongeza upana, juu ya ukuzaji nilioueleza. Kuutumia mpaka ule kwa picha ya kitandani ni sawa na kumpima mtu urefu akiwa amevaa viatu vya visigino, kisha kumlaumu kwa kurefuka.

Inashangaza kidogo kwamba dawa ya jambo hili haiko katika umbali peke yake. Wengi hudhani kuwa mashine ndogo ya kubebeka haiwezi kutupa moyo wa kweli kwa kuwa haiwezi kusimama sentimita 180. Ni kweli kwamba haiwezi kwa urahisi: nguvu ya mionzi hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo kutoka sentimita 100 hadi 180 kunahitaji mionzi zaidi ya mara tatu, na betri ndogo ina mipaka yake. Lakini rudieni hesabu yangu kwa mtu aliyesimama ameelekea kipokezi, chanzo kikiwa sentimita 120 tu nyuma yake. Moyo unasoma 14.6, kifua 30.5, uwiano 0.48. Haukuzidishwa. Sasa mgeuzeni aelekee mashine, mrudi nyuma hadi sentimita 180 kamili: uwiano unakuwa karibu 0.52. Kumgeuza mgonjwa hakugharimu chochote na hakuhitaji umeme. Kwa hiyo nikiona picha za kambi ya uchunguzi ambako watu wenye nguvu zao, waliofika kwa miguu, wamepigwa wakiwa wameielekea mashine, ati kwa sababu kipokezi kilikuwa rahisi kuegemezwa nyuma, huwa nasikitika zaidi kuliko nikiona picha mbaya ya mgonjwa asiyeweza kuketi.

Mwanamke mmoja wa miaka hamsini na kitu aliletwa kwangu na mwanawe kwa ajili ya picha nyingine ya kifua. Miezi minane kabla ya hapo alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu, akapigwa picha kitandani, na akaambiwa kuwa moyo wake umepanuka. Nimonia ilipona, lakini neno lile lilibaki. Aliacha shamba, akaacha kupanda ngazi za kanisa, na kila usiku alikuwa akilala ameegemea mito mitatu, si kwa kukosa pumzi bali kwa kuogopa kuikosa. Picha ya zamani alikuja nayo, imekunjwa mara nne. Pembeni palikuwa na herufi zilizoonyesha kuwa alipigwa kutoka mbele, amelala. Tulimpiga picha akiwa amesimama, kisha akafanyiwa eko ya moyo. Moyo ulikuwa wa kawaida. Akaniuliza, "Kwa hiyo umepona, daktari?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Kumwambia mtu kwamba hakuwa mgonjwa wa moyo ni kumwambia pia kwamba miezi minane ya hofu haikuwa na sababu, na mama yule alikuwa na haki ya kuambiwa yote mawili.

Katika kifua kikuu upotofu huu una sura ya hila zaidi, kwa sababu unaweza kwenda upande wowote. Tundu lenye upana halisi wa milimita 30, lililo mbele ya kifua, sentimita 3 tu nyuma ya mbavu za mbele, litasoma milimita 36 katika picha ya kitandani ya sentimita 100. Mgonjwa akipata nafuu, akaja kliniki na kupigwa amesimama kwa sentimita 180, litasoma chini kidogo ya 31. Faili litasema tundu limepungua. Dawa zitapewa sifa. Huenda zinastahili, lakini sifa hiyo haikutoka kwenye pafu. Na kama tundu liko nyuma, kama yalivyo mengi ya kifua kikuu yanayopenda sehemu ya juu na ya nyuma ya pafu, tuseme sentimita 4 kutoka mgongoni, mambo yatapinduka: kitandani litasoma milimita 31, na akisimama litasoma 33. Hapo mtu anaweza kuanza kuhofia usugu wa dawa kwa mgonjwa ambaye hana tatizo. Bahati nzuri ni kwamba mwamuzi wa matibabu ya kifua kikuu ni makohozi, si rula. Lakini wapo wasiotoa makohozi, na wapo watoto, na kwao picha huongezewa mamlaka ambayo haina.

Mtu anaweza kusema: hizi ni picha za kidijitali, kompyuta inajua. Kompyuta inajua kitu kimoja tu. Kipokezi kimegawanywa katika pikseli, kila moja ikiwa na upana wa sehemu ya kumi hadi mbili za kumi za milimita kwa mashine nyingi za mwili. Tunapovuta mstari juu ya skrini, programu huhesabu pikseli na kuzidisha kwa upana huo. Jibu lake ni sahihi kabisa, ila ni ukubwa wa kivuli pale kilipoangukia kipokezi, wala si wa kitu kilichokitoa. Mfumo wa DICOM, ambao ndio lugha ya pamoja ya picha za hospitali, una nafasi mbili tofauti kwa ajili hiyo: moja huhifadhi upana wa pikseli kwenye kipokezi, na nyingine inaweza kuhifadhi upana uliokwisha kusahihishwa, pamoja na maelezo ya jinsi ulivyosahihishwa. Umbali wa chanzo nao una nafasi yake. Katika mashine iliyofungwa chumbani, nafasi hiyo mara nyingi hujazwa. Katika ya kubebeka, ambapo mtu ameishika mashine mkononi au ameisimamisha juu ya tripodi, hakuna kinachompa kompyuta habari ya umbali isipokuwa mtu mwenyewe aichape. Nimefungua mafaili mengi yenye namba 100 ambayo ilikuwa imewekwa na kiwanda, na haikuguswa tena.

Kisha picha hutolewa nje ya mfumo, na hapo hata kivuli hupoteza kipimo. Hospitali nyingi sasa huchapa picha kwenye karatasi ya A4 kwa kuwa filamu ni ghali. Picha nzima ya kipokezi cha sentimita 35 kwa 43, ikibanwa ienee kwenye karatasi ile, hupungua hadi takriban asilimia 60 ya ukubwa wake. Lakini ikiwa ni picha ya mtoto, mpigaji huikata kwanza sehemu inayohitajika, kisha printa huitanua ijaze karatasi, na sasa imekuzwa badala ya kupunguzwa. Karatasi mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na vipimo vinavyopingana. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini na kutumwa kwa WhatsApp ni hivyohivyo, pamoja na upindo wa mkono wa aliyepiga. Uwiano, kama ule wa moyo na kifua, husalimika katika safari hii kwa sababu juu na chini hupungua pamoja. Milimita haisalimiki. Bado nawaona wenzangu wakiweka rula ya plastiki juu ya karatasi.

Hapa ndipo ninapokosa utani. Mtoto wa miaka miwili ameletwa usiku, anatokwa na mate, anakataa kumeza. Picha inaonyesha duara jeupe kwenye umio. Sarafu, au betri? Betri za duara za lithiamu zinazotumika katika rimoti, mizani na funguo za magari huandikwa ukubwa wao mgongoni: CR2032 maana yake ni kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ikikwama kwenye umio, inaweza kuunguza ukuta wake vibaya ndani ya saa mbili. Umio uko nyuma, karibu na kipokezi, hivyo katika mfumo wenyewe betri hiyo inasoma karibu 21. Katika karatasi ya A4 isiyokatwa inasoma chini ya 13. Daktari wa zamu aliyeshika karatasi hiyo na rula anaweza kujiambia kuwa kitu kidogo kama hicho si betri ile ya kutisha, na kwamba kitapita chenyewe hadi asubuhi. Nasema wazi: ukubwa usitumike kamwe kuifuta shaka ya betri. Tafuteni duara la pili ndani ya duara la kwanza, pigeni picha ya ubavu mtafute ngazi ya ukingo, na shaka ikibaki, mtoto apelekwe kwa mwenye uwezo wa kuitoa usiku huohuo. Milimita ije baadaye, ikihitajika.

Picha ya ubavu niliyoitaja hapo ina kazi ya pili inayosahauliwa: hutuambia kitu kiko umbali gani kutoka kwenye kipokezi, na umbali huo ndio ufunguo wa kukokotoa ukubwa halisi. Watangulizi wetu walilijua hili kuliko sisi. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii mwaka 1895, na kabla ya muongo kuisha, James Mackenzie Davidson kule London alikuwa akipiga picha mbili za mahali pamoja, akisogeza bomba kwa umbali anaoujua kati ya ya kwanza na ya pili, ili ajue risasi au sindano imezama kiasi gani. Hesabu yake bado inafanya kazi. Bomba likiwa sentimita 100 juu, likasogezwa kando sentimita 10, na kivuli kikahama sentimita 1.5, basi kitu kiko sentimita 13 juu ya kipokezi, na kivuli chake kimekuzwa kwa asilimia 15. Sipendekezi tuwarudishie wagonjwa mionzi maradufu kwa ajili ya hesabu. Nakumbusha tu kwamba watu waliotumia vioo na utepe walijiuliza swali ambalo sisi wenye kompyuta tumeacha kujiuliza.

Njia ninayoitetea ni ya kizamani vilevile: goroli ya chuma. Madaktari wa mifupa wanaopanga kubadilisha nyonga wameitumia kwa muda mrefu. Goroli ya milimita 25 huwekwa kati ya mapaja, kwenye usawa wa nyonga. Ikisoma 30 kwenye picha, basi kila kilicho katika usawa ule kimekuzwa mara 1.2, na mfereji wa uboho unaosoma milimita 12 una 10. Kwa daktari wa upasuaji anayeagiza vyuma kutoka mjini mapema, kwa basi, kwa pesa ya mgonjwa, tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Atagundua ukweli chumbani mwa upasuaji, naam, wakati mgonjwa amekwisha kulazwa usingizi na kisanduku kina saizi moja.

Lakini goroli ina sharti lake, na hapa ndipo nimeona watu wengi wakiharibu. Lazima iwe kwenye kimo kilekile cha kitu kinachopimwa. Ikiwekwa juu ya godoro kando ya paja, labda sentimita 4 tu juu ya kipokezi, wakati nyonga iko sentimita 15, goroli itadai ukuzaji wa asilimia 4 na nyonga itakuwa imekuzwa kwa karibu 18. Kwa mgonjwa mnene, kimo cha nyonga hubadilika, na goroli lazima imfuate. Goroli iliyowekwa pasipo pake ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa sasa kosa limepewa cheti. Gundi ya plasta na kipande cha sponji hutosha kuishikilia mahali pake. Kipenyo chake kipimwe kwa kalipa, kisiaminiwe kwa kukisiwa. Na si lazima inunuliwe kwa wauza vifaa tiba, maana goroli za beringi zipo kwa kila fundi wa magari, na za kiwandani zimetengenezwa kwa usahihi kuliko vitu vingi tulivyo navyo hospitalini.

Nimeambiwa kwamba haya ni mengi kwa mtu aliye peke yake zamu ya usiku, mwenye wodi tatu zinazomwita. Hoja hiyo ina haki. Si kila kipimo kinahitaji usahihi. Tunapotazama kama ncha ya mrija wa kupumulia iko mahali pake juu ya panda ya koo la hewa, tunataka iwe takriban sentimita 5 juu yake, na nusu sentimita ya kivuli haitamuua mtu. Kichwa cha mgonjwa kikiinama au kuinuka, mrija wenyewe unahama zaidi ya hapo. Hewa iliyovuja kandokando ya pafu nayo, ambayo tulifundishwa kuipima kwa sentimita mbili, sasa miongozo mipya ya Uingereza inatutaka tumtazame kwanza mgonjwa anavyopumua. Kwa picha za namna hiyo goroli ni usumbufu. Ninachokitaka kwa kila picha ni kidogo zaidi: mkao, upande mionzi ilikotokea, na umbali kwa sentimita. Futi ya fundi cherehani iliyofungwa kwenye mpini wa mashine itautoa umbali huo kwa sekunde kumi. Wale wanaopiga watoto wachanga ndani ya inkubeta waongeze jambo moja, kwamba kipokezi kiliwekwa kwenye droo ya chini au moja kwa moja chini ya mtoto, kwa sababu pengo la droo hukuza kila kitu na halionekani kwenye picha.

Na sisi wasomaji wa picha tupunguze majivuno ya desimali. Programu huandika milimita 12.37 kwa sababu hakuna aliyeikataza. Ukingo wa kivuli hauna ukali huo. Nukta ya mionzi yenyewe ina upana, mara nyingi kati ya nusu milimita na zaidi kidogo ya milimita moja, na kitu kilicho mbali na kipokezi hupata ukungu pembezoni. Mgonjwa anapumua, mkono ulioshika mashine unatikisika. Zaidi ya hayo, programu za kunoa picha zinaweza kuchora mstari mweusi kuzunguka chuma kilichopandikizwa mfupani, ukafanana na nafasi ya chuma kilicholegea, na mtu akaupima. Ningependa ripoti ziseme "takriban milimita 12 kwenye picha" pale umbali usipojulikana, na "milimita 10 baada ya kusahihishwa" pale tu ulipojulikana. Maneno mawili, "kwenye picha", yangemsaidia daktari wa mifupa kuliko desimali zangu mbili.

Kwa wakuu wa hospitali na wa mipango ya uchunguzi, nina ombi la fedha ndogo. Katika zabuni za mashine za kubebeka tunauliza uzito, betri, na idadi ya picha kwa chaji moja. Tuulize pia: je, mashine inapima umbali yenyewe na kuuandika ndani ya faili? Zipo zenye uwezo huo, na zipo zinazokuja na utepe tu, nao unatosha mradi pawe na mahali pa lazima pa kuchapa namba kabla picha haijahifadhiwa. Tuulize pia kama programu inayosoma kifua kikuu hutoa na uwiano wa moyo, kama baadhi zifanyavyo, na kama huzuia jibu hilo pale mtu alipopigwa kutoka mbele. Ikiwa haizuii, sehemu hiyo ifungwe.

Nanyi mnaoletewa karatasi hizi na kuambiwa kilichomo: mkiambiwa kuwa moyo umepanuka, ulizeni picha ilipigwa mkiwa mmesimama au mmelala. Ni swali la adabu na daktari mzuri hatalichukia. Kama mlikuwa mmelala, ombeni ya kusimama mtakapoweza, au eko ya moyo, kabla hamjaacha shamba. Na kama mlikuwa mmeanzishiwa dawa, msiziache wenyewe mkisubiri jibu. Mnapohamishiwa hospitali nyingine, ombeni picha yenyewe kwenye diski au kupitia mfumo, si karatasi peke yake. Mama mwenye mtoto aliyemeza kitu cha duara aje, ikiwezekana, na pakiti ya betri au kifaa kilichokuwa nayo. Namba iliyochapwa kwenye pakiti ile itatuambia ukubwa kuliko mashine yoyote tuliyo nayo, nasi tutaokoa muda wa kubishana juu ya kivuli.